Mizani Bila Vina: Kumsoma Carducci kwa Kidole Mezani

Surge nel chiaro inverno la fosca turrita Bologna.

Usome mshororo huu kwa sauti, hata kama Kiitaliano hukijui. Mdomo uliokulia Kiswahili hautapata taabu: irabu za maandishi ni zilezile tano, ch husomwa k, ge husomwa je, gn ni ny ya nyama. Surje nel kyaro inverno, la foska turrita bolonya. Maana yake: katika baridi angavu Bologna ya minara inainuka, nyeusi. Sasa usome tena huku ukigonga meza kwa kidole kila sauti inapopanda: SUR, CHIA, VER. Pumua. FO, RI, LO. Mara tatu, kituo, mara tatu tena. Hakuna kina hata kimoja, si katikati wala mwishoni, na bado sikio linajua kwamba limesikia shairi.

Aliyeutunga ni Giosuè Carducci. Mwaka 1906 alikuwa Mwitaliano wa kwanza kupata Tuzo ya Nobel ya Fasihi. Afya haikumruhusu kusafiri hadi Stockholm, kwa hiyo tuzo ililetwa nyumbani kwake Bologna na mwakilishi wa Sweden nchini Italia, na miezi miwili baadaye, tarehe 16 Februari 1907, akafariki. Watoa tuzo walitaja usomi wake na utafiti wake wa kihakiki, kisha wakasema kwamba kinachowavuta zaidi ni nguvu ya ushairi wake. Watu wengi wamebaki na nusu ya pili ya sentensi ile. Mimi naona nusu ya kwanza ndiyo ufunguo, kwa sababu mashairi yake makubwa, yale ya kitabu cha Odi barbare cha mwaka 1877, yametungwa na mtu aliyekwisha kutumia miaka ishirini kuhesabu silabi za watu wengine.

Maisha yake kwa ufupi. Alizaliwa Valdicastello, Toscana, tarehe 27 Julai 1835, mtoto wa daktari. Alikulia Bolgheri katika nyanda za Maremma, akasoma Scuola Normale ya Pisa na kuhitimu 1856. Baba yake alipofariki 1858, mzigo wa familia ukamwangukia, naye akaubeba kwa kufundisha watoto wa watu na kuwahariria washairi wa kale mchapishaji Barbèra wa Florence, katika vitabu vidogo vya kutia mfukoni. Mwaka 1860, akiwa na miaka 25, aliitwa Chuo Kikuu cha Bologna kushika kiti cha fasihi ya Kiitaliano, na hakukiachia hadi 1904.

Ile kazi ya uhariri ndiyo iliyomfundisha mengi. Mhariri wa shairi la kale ana nakala kadhaa mbele yake, na hazilingani. Mnakili mmoja kaongeza neno, mwingine kala silabi, wa tatu kabadilisha lahaja. Hatua ya kwanza ya kugundua kosa ni kuhesabu: mshororo ukizidi mizani moja au ukipungua moja, ama mnakili amekosea, ama kuna irabu mbili zinazopaswa kusomwa kama moja. Kwa hiyo mhariri hupita mshororo kwa mshororo, kidole mezani, maelfu kwa maelfu. Carducci alimhariri Poliziano, mshairi wa karne ya 15, hivyo, kitabu kikatoka 1863. Alimhariri Petrarca hivyo pamoja na mwanafunzi wake Severino Ferrari, na toleo lao la 1899 lenye maelezo chini ya kila ukurasa liliendelea kuwa mezani pa wasomi kwa vizazi. Mtu wa namna hii anapoamua kuacha vina, haachi kwa sababu vimemshinda.

Ili kuona alichokifanya, kwanza tujue Waitaliano wanavyohesabu. Hapa ndipo msomaji wa Kiswahili anapoteleza, kwa sababu anadhani anajua tayari.

Sisi huhesabu kila silabi. Utenzi una mizani minane kwa mshororo, shairi la kawaida lina kumi na sita, nane ukwapi na nane utao, basi. Mwitaliano haanzi na silabi. Anaanza na mkazo wa mwisho. Anatafuta mkazo huo umeangukia silabi ya ngapi, kisha anaongeza moja. Mshororo ambao mkazo wake wa mwisho uko kwenye silabi ya sita unaitwa wa mizani saba. Ukiwa kwenye silabi ya kumi, ni wa mizani kumi na moja, na huo ndio mshororo wa Dante na Petrarca. Baada ya mkazo wa mwisho panaweza kubaki silabi moja, mbili, au pasibaki kitu, na jina la mshororo halibadiliki.

Kwa nini iwe hivyo? Kwa sababu maneno yao yako ya aina tatu. Mengi yana mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kama maneno yetu: Bologna, inverno. Wao huyaita maneno tambarare. Mengine yana mkazo kwenye silabi ya tatu kutoka mwisho, nao huyaita maneno ya kuteleza: albero, yaani mti, mkazo uko kwenye AL. Mswahili anayetofautisha barabára ya magari na barábara ya "sawasawa kabisa" ameshaisikia tofauti hii. Ile ya pili ni neno la kuteleza. Aina ya tatu ni maneno ya kukatika, yenye mkazo kwenye silabi ya mwisho kabisa, kama città, mji. Hayo sisi karibu hatuna. Ukihesabu kila silabi kama utenzi, mshororo unaoishia kwa albero utakuonekea umezidi na ule unaoishia kwa città utakuonekea umepungua, ilhali yote miwili iko sawa.

Jambo la pili ni irabu zinazokutana. Neno likiishia kwa irabu na linalofuata likaanza kwa irabu, Mwitaliano kwa kawaida huzihesabu mizani moja. Katika mshororo wetu wa kwanza, chiaro inverno hukutanisha o na i, na "ro in" inakuwa pigo moja: sur-ge-nel-chia-roin-ver-no, saba. Sikio la Kiswahili hukataa, kwa sababu kwetu kaa ni mizani miwili na haina mjadala. Lazima ulizoeze. Kuna pia alama ya nukta mbili juu ya irabu, ambayo inasema kinyume chake: hapa usiunganishe, hesabu moja zaidi. Ukiiona kwa Carducci usidhani ni pambo la uchapaji. Mizani ndiyo iliyoidai.

Sasa tatizo lenyewe.

Ushairi wa Kilatini, ule wa Virgil na Horace, haukujengwa kwa idadi ya silabi wala kwa mkazo. Ulijengwa kwa urefu. Silabi ndefu ilichukua takriban muda wa fupi mbili, na mpangilio wa ndefu na fupi ndio uliofanya heksameta, mshororo wa mapigo sita, iwe heksameta. Kilatini kilipogeuka Kiitaliano, tofauti hiyo ikapotea kwenye masikio ya watu. Vina na hesabu ya mizani vikachukua nafasi yake. Lakini wasomi wa Italia hawakuacha kutamani nyumba ile ya zamani. Oktoba 1441, mjini Florence, yalifanyika mashindano ya mashairi kuhusu urafiki, na humo Leon Battista Alberti na Leonardo Dati wakaleta tungo za Kiitaliano zilizojengwa kwa urefu wa silabi. Taji la fedha lililoandaliwa halikupewa mshairi yeyote. Lilikabidhiwa kanisa kuu la mji. Mwaka 1539 Claudio Tolomei akachapisha kanuni kamili: irabu hii hapa hesabu ndefu, ile pale hesabu fupi. Kanuni zilikuwa nadhifu kwenye karatasi. Zilishindwa kwa sababu moja tu, nayo haina dawa: hakuna Mwitaliano aliyeweza kuusikia urefu ule. Msomaji aliona mashairi kwa macho na kusikia nathari.

Njia nyingine ilikuwa kuweka mkazo wa Kiitaliano mahali palepale ambapo pigo la Kilatini huanguka, ili heksameta ipate mapigo sita ya lazima. Wajerumani walifanya hivyo, Klopstock na wenzake, na lugha yao yenye mikazo mizito iliwasaidia. Carducci aliwasoma kwa bidii. Hata ukurasa wa mbele wa Odi barbare una nukuu ya Mjerumani Platen kando ya ile ya Campanella, Mwitaliano wa kale aliyejaribu mizani ya Kilatini kabla yake. Lakini hakuifuata njia yao. Giovanni Pascoli, mwanafunzi wake aliyekuja kurithi kiti chake Bologna, aliijaribu baadaye.

Carducci aliuliza swali jingine, swali la mwalimu wa darasani: mwanafunzi wa Kiitaliano akifungua Virgil leo na kumsoma kama anavyosoma nathari, mkazo wa kila neno mahali pake pa kawaida, anasikia nini? Chukua mshororo wa kwanza wa Aeneid, utenzi mkuu wa Virgil. Árma virúmque cáno, Tróiae qui prímus ab óris. Gonga meza. Kipande cha kwanza: ar-ma-vi-rum-que-ca-no, mizani saba, mikazo kwenye 1, 4 na 6. Kipande cha pili: Tro-iae-qui-pri-mus-ab-o-ris, mizani minane, mikazo kwenye 1, 4 na 7. Vipande vyote viwili Mwitaliano anavijua tangu utotoni, vimo kwenye nyimbo zake. Kumbe Kilatini, kikisomwa hivyo, kinasikika kama mishororo miwili ya Kiitaliano iliyofungwa pamoja.

Basi hakuiga urefu wala pigo. Aliiga kile kinachosikika. Heksameta yake ni vipande viwili: cha kwanza kifupi, cha mizani mitano, sita au saba, cha pili kirefu, mara nyingi cha mizani tisa chenye mikazo kwenye 2, 5 na 8. Rudi kwenye Bologna: "surge nel chiaro inverno" saba, "la fosca turrita Bologna" tisa, na mikazo ya kipande cha pili imekaa sawasawa kwenye 2, 5, 8. Mshororo unaofuata, e il colle sopra bianco di neve ride, yaani "na kilima juu yake, cheupe kwa theluji, kinacheka", unashika nafasi ya pentameta, mshororo mfupi zaidi unaoifuata heksameta: tano kisha saba. Kirefu, kifupi, kirefu, kifupi, mpaka mwisho wa shairi. Hakuna silabi iliyolazimishwa kuwa ndefu. Hakuna neno lililosokotwa mkazo wake.

Jina la kitabu, tungo za kishenzi, alilieleza mwenyewe. Ni za kishenzi kwa sababu ndivyo zingesikika kwenye masikio ya Wagiriki na Warumi, ingawa zimejaribu maumbo ya ushairi wao, na kwa sababu ndivyo zitakavyosikika kwa Waitaliano wengi, ingawa zimetungwa kwa mishororo na mikazo ya Kiitaliano. Hapo hamna majivuno. Ni maelezo ya fundi: vifaa ni vya hapa, ramani ni ya kule, na pande zote mbili zitalalamika. Zililalamika kweli. Mjadala ulikuwa mkali kiasi kwamba rafiki yake Giuseppe Chiarini aliandika kitabu kizima, 1878, kujibu wahakiki juu ya mizani ya tungo hizo.

Sisi tuliosomeshwa ushairi wa Kiswahili tunaukumbuka ugomvi wa wanamapokeo na wanausasa, na ni rahisi kumweka Carducci upande wa waliotupa vina. Tusimweke huko. Hakulegeza kamba, aliikaza pengine. Mtunzi wa mapokeo ya Kiitaliano alikuwa na hesabu na vina vya kumshikia shairi; Carducci aliondoa vina na kudai kila mkazo ulipie nafasi yake.

Tazama ubeti wa Sappho, mshairi wa kale wa Kigiriki. Ni mishororo mitatu ya mizani kumi na moja, kila mmoja na kituo baada ya silabi ya tano, kisha mshororo mfupi wa mizani mitano wenye mikazo kwenye 1 na 4. Shairi la chemchemi za Clitumno, kule Umbria, la mwaka 1876, linaanza hivi:

Ancor dal monte, che di foschi ondeggia
frassini al vento mormoranti e lunge
per l'aure odora fresco di silvestri
salvie e di timi,

"Bado kutoka mlimani, unaoyumba kwa miti myeusi ya mframo inayonong'ona upepo ukivuma, na mbali hewani kunukia mbichi kwa majani ya porini, seji na zaatari…" Sentensi haijaisha hata ubeti ulipoisha. Makundi ya kondoo ndiyo yanayoshuka, nayo yanakuja ubeti unaofuata. Neno mframo nimeliweka kwa kukosa mti wetu unaolingana. Wengine watasema mti wa frassino na kuachia hapo, na pengine ni salama zaidi.

Kosa linalowaangusha wengi hapa ni kusimama mwisho wa mshororo. Foschi, "myeusi", iko mshororo wa kwanza. Nomino yake, frassini, iko mwanzo wa mshororo wa pili, na kitenzi kimekaa katikati yao. Ukisimama kwenye ondeggia, sifa inabaki bila mwenyewe. Dawa ni hii: soma ubeti wote mara ya kwanza kwa ajili ya sarufi tu, uoanishe kila sifa na nomino yake kwa viambishi vya mwisho, wingi na wingi, kiume na kiume. Mara ya pili ndipo ugonge meza. Anayejua ngeli ana msaada mkubwa: tunapokuta "wangu" mwanzo wa mshororo na "moyo" mwisho wake, upatanisho hutuvusha bila shida. Ndiyo sababu naamini Carducci anafasirika kwa Kiswahili kuliko kwa lugha nyingi zilizopoteza upatanisho. Kinachokataa kuvuka ni kuteleza kwa maneno yenye mkazo wa tatu kutoka mwisho, kwa maana mkazo wetu umeganda wa pili.

Na kuteleza huko ndiko kulikofanya shairi ninalolipenda kuliko yote kwenye kitabu, lile la kituo cha treni asubuhi ya vuli, Alla stazione in una mattina d'autunno. Carducci anamsindikiza mwanamke anayempenda, ambaye katika mashairi anamwita Lidia, kwenye treni alfajiri yenye mvua. Umbo ni ubeti wa Alcaeus, Mgiriki mwingine wa kale. Kanuni yake: mishororo miwili, kila mmoja ukiwa na vipande viwili vya mizani mitano, cha pili kikiishia kwa neno la kuteleza, kisha mshororo wa mizani tisa, kisha wa mizani kumi.

Oh quei fanali come s'inseguono
accidiosi là dietro gli alberi,
tra i rami stillanti di pioggia
sbadigliando la luce su 'l fango!

"Taa zile, tazama zinavyofukuzana kwa uvivu kule nyuma ya miti, kati ya matawi yanayodondosha mvua, zikipiga miayo ya nuru juu ya tope." Gonga tena. S'inseguono: mkazo kwenye SE, kisha silabi mbili zinaporomoka. Alberi: AL, kisha mbili. Zile silabi mbili za mwisho bila mkazo ndizo taa zenyewe, moja ikipotea nyuma ya nyingine. Mshororo wa tatu una mikazo 2, 5, 8: RA, LAN, PIOG. Wa nne una 3, 6, 9: GLIAN, LU, FAN. Hatua ni ileile ya silabi tatu, ila ya mwisho imeanza kwa kuchelewa silabi moja. Kila ubeti unaanza kwa kusitasita vipande viwili viwili na kumalizika kwa mwendo ulio sawa. Shairi la treni haliwezi kupata injini bora.

Kisha wanapita walinzi wa njia ya reli wamevaa kofia nyeusi za kufunika kichwa, wana taa hafifu na nyundo za chuma, wanazigonga breki kuzipima, na breki zinatoa mlio mrefu wa maombolezo. Hii ni kazi halisi ya wafanyakazi wa reli wa wakati ule: chuma kizima hulia kwa sauti moja, chenye ufa hulia kwa nyingine. Carducci hakuibuni picha hii ili ifanane na kengele ya msiba. Aliikuta kituoni, na akaona kwamba inafanana.

Zimwi hilo, treni, alikwisha kuliimba. Mwaka 1863 alitunga Inno a Satana, wimbo wa mishororo 200 ya mizani mitano mitano, uliochapishwa 1865 kwa jina la kubuni la Enotrio Romano. Tarehe 8 Desemba 1869, siku Mtaguso wa Kwanza wa Vatikano ulipofunguliwa, gazeti moja la Bologna liliuchapa upya, ukazua kelele nchi nzima. Anayesoma kwa mkazo wa jina tu atadhani ni ibada ya shetani. Shetani wa humo ni akili inayouliza, mwili unaofurahi, maarifa yanayoasi, na mwishoni anapita katika umbo la zimwi zuri na la kutisha, likivuka bahari na nchi kavu, likitoa moshi kama volkano: injini ya mvuke. Miaka kumi na mbili hivi baadaye zimwi lilelile, "lenye kuijua roho yake ya chuma", linampokonya mpenzi wake kituoni. Weka mashairi haya mawili pamoja. Moja mizani mitano inayopiga mbio na vina vyake; jingine lisilo na vina, linalosita. Mtu ni yuleyule na mashine ni ileile.

Mwaka 1881 Carducci akafanya jambo ambalo washairi wachache hulifanya. Badala ya kuwaacha watu waamini kwamba ameanzisha kitu kutoka hewani, alitoa kitabu, La poesia barbara nei secoli XV e XVI, ambamo alikusanya majaribio ya waliomtangulia katika karne ya 15 na ya 16: Alberti, Dati, Tolomei na wenzao. Yaani aliwachapisha walioshindwa ili kila mtu apime mwenyewe walikosea wapi na yeye amepita wapi. Hapo mhakiki na mshairi wamekaa meza moja.

Wala asidhaniwe aliviacha vina daima. Kitabu chake cha 1887, Rime nuove, kinafunguliwa kwa shairi la kukisalimu kina chenyewe kama malkia. Humo limo Pianto antico, lililotungwa 1871 kwa ajili ya mwanawe Dante, aliyefariki Novemba 1870 akiwa na miaka mitatu. Lina beti nne za mishororo minne minne, mizani saba. Mshororo wa kwanza wa kila ubeti hauna mwenzake. Wa pili na wa tatu vinalingana, kama mano na melograno, mkono na komamanga. Na wa nne unaishia kwa kina kimoja kinachorudi beti zote: fior, calor, fior, amor. Ua, joto, ua, upendo. Mtunzi yeyote wa utenzi atakitambua mara moja: ni kina cha bahari. Hakuna undugu wa asili kati ya umbo hili na letu, lakini kazi yake ni ileile, kuzifunga beti zote kwa uzi mmoja.

Ila sikiliza namna kilivyotengenezwa. Maneno kamili ni fiore, calore, amore, yote tambarare. Carducci ameyakata irabu ya mwisho yote. Kila ubeti unafika mwisho wake na kukatika, mkazo juu ya silabi ya mwisho, hakuna kinachofuata. Mti wa komamanga bustanini umechipua upya Juni ilipofika. Mtoto aliyeunyooshea mkono yuko "katika udongo wa baridi, katika udongo mweusi". Umbo hilohilo, mizani saba na kina cha bahari kilichokatwa, alilitumia 1883 katika San Martino, shairi la ukungu, bahari na harufu ya divai mpya ambalo watoto wa shule Italia hulikariri. Pale kukatika kunasikika kama wimbi likipiga mwamba.

Maktaba yake ilinunuliwa na Malkia Margherita mwaka 1902, nyumba 1906, na 1907 vyote vikakabidhiwa mji wa Bologna. Vipo mpaka leo. Kazi zake zilizokusanywa baadaye zilijaza juzuu 30, na mashairi ni sehemu ndogo tu ya juzuu hizo.

Kwa anayetaka kuanza leo, nashauri asianze na tungo ndefu za historia. Aanze na Nevicata, ya mwaka 1881, mishororo kumi tu, heksameta na pentameta kwa zamu. Theluji inaanguka polepole, mji umenyamaza, ndege wapotevu wanagonga vioo vyenye ukungu kama roho za marafiki waliokufa. Mshororo wa kwanza:

Lenta fiocca la neve pe 'l cielo cinerëo: gridi,

Saba, kisha tisa. Zile nukta mbili juu ya cinerëo, "rangi ya majivu", ndizo zinazokuambia usome ne-re-o badala ya ne-reo. Ukizipuuza, kipande cha pili kitabaki na mizani minane na mikazo ya 2, 5, 8 itaharibika. Kisha angalia pentameta zote tano: kila moja inaishia kwa neno la kukatika, città, gioventù, dì, me, riposerò, na kila ukwapi wake vilevile umekatika. Theluji inaanguka kwenye heksameta, na kwenye pentameta kitu kinagonga mara mbili na kunyamaza.

Mshororo wa kumi ndio wa mwisho. Baada ya kitabu kizima kisicho na vina, usome kwa sauti na ukasikilize kinachotokea katikati na mwishoni:

giù al silenzio verrò, ne l'ombra riposerò.

"Chini kwenye kimya nitakuja, kivulini nitapumzika." Verrò kwenye ukwapi, riposerò kwenye utao. Kina cha kati na kina cha mwisho.